Aliyenunua Akae

Duka la Bi Tufaha lipo Isevya, pale njia ya vumbi inapojipinda kabla ya kuufikia msikiti mdogo wa kijani. Halina jina. Liliwahi kuwa nalo. Marehemu mumewe, Abdulatifu, alilichora juu ya mlango kwa rangi nyekundu, lakini mvua za miaka mingi zimelamba herufi moja baada ya nyingine hadi kimebaki kivuli tu cha maandishi. Watu husema "kwa Bi Tufaha," na wale wa zamani husema "barazani."

Baraza lenyewe ni la mawe na chokaa, limeshikana na ukuta upande wa kushoto wa mlango, limelainika kwa kukaliwa. Nyumba ilibomolewa ikajengwa upya, baraza likaachwa. Lilijengwa na babu yake Abdulatifu katika miaka ya mwisho ya misafara, kabla reli haijafika Tabora, wakati wapagazi walipokuwa wakipita na mizigo kutoka pwani kwenda Ujiji na kutoka Ujiji kwenda pwani. Mpagazi aliyenunua kitu dukani, hata kama ni chumvi ya kujaza kiganja, alipewa mahali pa kukaa na kikombe kimoja cha kahawa, akapumzisha mabega. Asiyenunua alisalimiwa kwa heshima akaendelea na safari, kwa kuwa baraza lilikuwa fupi na mabega yaliyochoka yalikuwa mengi. Likawa sharti la nyumba, likarithiwa pamoja na mizani na dele la kahawa: aliyenunua akae. Bi Tufaha alipoletwa hapo akiwa bi harusi, alimkuta mama mkwe wake bado analishika. Hata wanawake waliotoka vijijini na vibuyu vya asali kuja kuuza, walipokwisha kupimiwa asali yao, mama mkwe aliwaonyesha baraza kwa kidevu na kuwamiminia kahawa.

Sasa baraza ndilo refu na watu ndio wachache. Wateja wa siku hizi hununua wakiwa wamesimama mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Bi Tufaha, nipe sabuni, nimeacha mboga jikoni." "Bi Tufaha, mafuta ya robo, bodaboda inaningoja." Tangu lifunguliwe duka lenye milango ya vioo kule barabara ya lami, hata hao wenye haraka wamepungua. Lakini kila asubuhi Bi Tufaha huchemsha kahawa, kwa kuwa mkono ukishazoea kazi hauulizi kama kuna wa kuinywa. Mwanawe, Yaser, yuko Maskati. Binti yake, Ruaa, ameolewa Dar es Salaam. Wanapiga simu Ijumaa, wote wawili, wakati mmoja, kiasi kwamba anapomaliza kuongea na wa kwanza, wa pili ameshakata tamaa.

Aliyekuwa akikaa barazani ni mtu mmoja tu.

Huyo ni Bertila, nesi mstaafu, mjane, Mnyamwezi mwenye sauti nzito na viatu vyeupe vya kazini ambavyo hakuwahi kuviacha hata baada ya kuiacha kazi. Mtaa mzima ulimwita Nesi. Alikuja mara ya kwanza miaka michache iliyopita, muda mfupi baada ya Yaser kumlazimisha mama yake achukue mashine ya kadi kutoka benki. "Mama, dunia imehama," alimwambia kwenye simu, "nawe hama nayo." Bi Tufaha aliifunika mashine ile kwa leso, kama mtu anavyomfunika kasuku alale. Waliokuwa wakiitumia ni walimu wa shule ya jirani, mwisho wa mwezi, wakichukua mchele na mafuta.

"Kadi inapita hapa?" Bertila aliuliza siku hiyo.

"Inapita, mtandao ukipenda. Unataka nini?"

"Kibiriti."

Bi Tufaha alimtazama aone kama anataniwa. Hakuwa anataniwa. Akaifunua mashine, akaingiza kadi, Bertila akabonyeza namba zake za siri huku amekizungushia mkono kidude kile kama anamlinda kifaranga. Mashine ikakaa kimya. Maandishi yakazunguka, yakazunguka.

"Inatafuta mtandao," Bi Tufaha aliomba radhi.

"Hapana," alisema Bertila, "inaswali. Tuiache imalize."

Wakacheka. Na kwa kuwa mashine iliswali muda mrefu, waliongea: bei ya karanga, joto, treni iliyochelewa. Risiti ilipotoka, Bertila alikichukua kibiriti chake akageuka kuondoka.

"Unakwenda wapi sasa?" Bi Tufaha alimwita. "Hapa aliyenunua hukaa. Ni sharti la nyumba."

Bertila alisimama. Aliyapokea maneno yale kama alivyozoea kupokea maelekezo ya daktari, kwa makini, bila kuuliza. Kisha akakaa, akapewa kahawa.

Tangu hapo alikuja kila asubuhi isipokuwa Jumapili, ambayo ilikuwa ya kanisa. Alinunua kitu kimoja kidogo, kibiriti mara nyingi, mara nyingine kipande cha sabuni au pakiti ndogo ya majani ya chai, na alilipa kwa kadi, sikuzote.

"Kwa nini usitoe pesa benki, ukae na chenji kama binadamu wengine?" Bi Tufaha alimuuliza siku moja.

"Pesa ya mkononi ina masikio. Nikiwa nayo ndani, Nestory anaisikia kutoka Ziba." Nestory alikuwa mtoto wa kaka yake. "Anakuja na basi la asubuhi: shangazi, mbuzi anaumwa, shangazi, bati limeezuka. Nami siwezi kusema uongo, masista walionilea waliniharibu kabisa. Kwa hiyo sikai na pesa. Akiniuliza una hela ndani, namwambia kweli tupu: sina hata senti."

"Si utumie simu?"

"Namba ya siri ya simu yangu Nestory anaijua kuliko mimi."

Walikuwa na ugomvi wao wa kila siku, ule wa salamu. Aliyetokea kwanza alimwahi mwenzake.

"Shikamoo, Bi Tufaha."

"Ushindwe! Unataka kunizeesha? Shikamoo wewe, uliyenitangulia duniani."

"Mimi nimezaliwa mwaka wa njaa."

"Njaa ipi? Njaa zilikuwa nyingi kuliko mavuno."

"Basi mwangaluka, yaishe."

"Mwangaluka, mayu." Na Bi Tufaha, aliyezaliwa na kukulia Tabora, aliitamka salamu ile ya Kinyamwezi vizuri kiasi cha kumfanya Bertila apige makofi. Kisha kahawa, kisha kimya cha starehe, kisha Bertila aliaga kabla jua halijalifikia baraza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwita mwenzake rafiki. Mmoja alikuwa muuzaji, mwingine mnunuzi. Hawakuwahi kutembeleana. Bi Tufaha alijua tu kwamba Nesi anakaa upande wa Chemchem.

Kisha akaja Murtadha.

Murtadha ni mtoto wa shemeji yake, kijana mwenye duka la jumla mjini, ndiye anayemletea bidhaa. Ni mtoto mwema. Siku hiyo alikaa nyuma ya kaunta, akaomba zile karatasi za benki ambazo Bi Tufaha alikuwa akizikunja tu na kuzisukumia ndani ya debe tupu la biskuti, akazinyoosha moja moja kwenye goti.

"Mama mkubwa," alisema hatimaye, "nani huyu anayenunua vibiriti kwa kadi?"

"Wateja."

"Huyu mteja wako unamlipa wewe anunue. Sikiliza. Benki inakata kila kadi inapopita. Mwalimu akichukua mfuko wa mchele, kile wanachokata hukihisi, kimemezwa na faida. Lakini wana kiwango chao cha chini, hawashuki hapo hata uuze punje ya mtama. Kwenye kibiriti wanachukua faida yako, kisha wanachukua na njiti. Na kodi ya mashine ya kila mwezi iko palepale. Hili duka linavuja, mama mkubwa, na tundu ni hili."

"Kibiriti?"

"Kibiriti. Usiniangalie hivyo, si mimi niliyepanga. Kila mwenye duka dogo anaweka mpaka: kadi kuanzia kiasi fulani, chini ya hapo leta taslimu. Si roho mbaya. Ni hesabu."

Bi Tufaha alifikiria duka. Lilikuwa ndilo jambo la mwisho lililokuwa likimwamsha asubuhi. Alimfikiria Yaser, aliyekwisha kumwambia mara nyingi afunge, aende Maskati akakae kwenye chumba chenye kiyoyozi na dirisha lisilofunguka. Alifikiria kila kitu isipokuwa jambo moja. Murtadha alichukua kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu nene, KADI KUANZIA 10,000, akakipigilia ubavuni mwa kaunta, mahali pasipoweza kukwepwa na macho ya mtu.

Kesho yake Bertila alifika, akashika kadi yake, akakiona kile kibao. Alivaa miwani. Alikisoma polepole, kisha akakisoma tena, ingawa kilikuwa na maneno mawili tu na namba.

Bi Tufaha alihisi uso unamchoma. "Ni huyu Murtadha," alisema. "Benki wanakata, Nesi. Wanakata hata kwenye kibiriti."

"Ni haki," alisema Bertila. "Duka ni duka." Alitazama mashubaka ya juu, yale ambayo hakuwahi kuyatazama. "Nipe mchele. Wa elfu kumi."

Akakaa, akanywa kahawa. Kesho yake alinunua sukari ya elfu kumi. Siku iliyofuata, mafuta ya kupikia na maharage, mpaka ikatimia. Alibeba mzigo kichwani, nesi wa watu, mgongo umenyooka, viatu vyeupe vikikanyaga vumbi. Na Bi Tufaha, Mungu amsamehe, alifurahi. Alimwambia Murtadha kwenye simu, "Una akili, mwanangu. Hata Nesi sasa ananunua vitu vya maana."

Baada ya hapo Bertila hakuja tena.

Siku ya kwanza Bi Tufaha alidhani ni mafua. Siku zilizofuata alidhani ni safari. Alichemsha kahawa ileile, dele lilelile, akaweka vikombe viwili kwenye sinia kama kawaida, na jua lilipolifikia baraza alikwenda nyuma akaimwaga kahawa mchangani. Mchanga wa pale uligeuka mweusi, sisimizi wakaacha kupita. Mteja akija, Bi Tufaha alijikuta anachelewesha chenji, anauliza habari za watoto, anauliza tena. Wateja walijibu wakitazama barabara. Ulikuwa mwezi wa joto, kabla ya mvua za kwanza, anga limekuwa na rangi ya maziwa yaliyochacha, na honi ya treni ilisikika kutoka stesheni kama mtu anayeita jina la mtu mwingine.

Akapata wivu. Aliwaza: ameenda kule kwenye milango ya vioo. Kule kadi inapita kwa kibiriti, kule wana tumbo la kumeza makato ya benki. Basi na akae huko, kama wana baraza. Alijua hawana. Aliwaza hivyo asubuhi, na ilipofika adhuhuri wivu ulikuwa umeisha, kimebaki kile kilichokuwa chini yake.

Aliyemletea habari ni Nasri, fundi cherehani wa ng'ambo ya njia, mtu asiyeweza kushona kifungo bila kusema neno.

"Bi Tufaha, umesikia? Nesi wako anahama."

"Nesi yupi?"

"Unao wangapi? Yule wa viatu vyeupe. Kijana wao wa Ziba alikuwa hapa jana anaulizia gari la kubeba kitanda. Anampeleka kwa kaka yake, moja kwa moja. Mtu mzima, anakaa peke yake, hatoki tena, hasemi na mtu. Wamemwonea huruma." Nasri aliuma uzi akaukata. "Ijumaa wanapakia."

Ilikuwa Alhamisi.

Bi Tufaha alisimama kidogo nyuma ya kaunta yake. Kisha akavaa buibui, akachukua ufunguo, akaanza kuivuta milango ya mbao, ubawa mmoja, kisha wa pili, mchana kweupe. Duka lile halikuwahi kufungwa mchana ila siku alipozikwa Abdulatifu. Nasri aliinuka kwenye cherehani, futi ikiwa shingoni.

"Bi Tufaha! Kuna msiba?"

"Bado," alisema Bi Tufaha, akashika njia.

Chemchem si mbali kwa mwenye magoti. Alipumzika ukutani kwa watu, akaomba maji kwa binti mmoja aliyekuwa anafua, akamuuliza nyumba ya nesi mstaafu. Binti aliinyooshea mkono wenye povu. Wakati huo ndipo aibu ilipomwingia: mtu anamjua anavyopuliza kahawa yake, anajua goti lipi linamuuma mvua ikikaribia, na nyumba yake anaulizia kwa watoto.

"Hodi."

"Sukuma, mlango unakwama." Kisha Bertila alitokea na kitambaa mkononi, akamwona aliyesimama, akashika kifua. "Bi Tufaha! Nani amefariki?"

"Hajafa mtu! Kwani mimi siwezi kutembea mpaka afe mtu?"

"Duka je?"

"Duka lina miguu? Lipo. Nikaribishe, nimechoka."

Chumba kilikuwa kimoja, kisafi kama wodi. Karibu na mlango lilikaa begi kubwa lililovimba, limefungwa kwa kamba ya katani. Bertila alimpa kiti, akamwekea sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga za kukaanga pembeni, kisha akageukia jiko kuweka chai. Lilikuwa jiko la gesi. Alizungusha kitufe, likalia tik-tik-tik, moto wa buluu ukaruka wenyewe.

Bi Tufaha aliutazama moto ule. Kisha macho yake yakapanda ukutani, juu ya jiko, kwenye ubao mrefu uliopigiliwa kama rafu. Vilikuwa pale vibiriti, vimepangwa kama matofali, safu juu ya safu, karatasi zake hazijachubuliwa hata moja. Pembeni sabuni, bado zina vifungashio. Majani ya chai. Na chini, sakafuni, mchele, sukari, maharage, vyote kama vilivyotoka kwenye mizani yake.

Alichukua kiazi kimoja, akakirudisha kwenye sahani.

"Nesi," alisema, "hivi vibiriti vyote ni vya nini?"

Bertila hakugeuka. "Kibiriti hakiozi," alisema.

Chai ilichemka. Aliimimina, akakaa kitandani, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja.

"Mbona hukuja kukaa tu?" Bi Tufaha aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo. "Bila kununua. Ningekufukuza?"

"Siku ya kwanza kabisa uliniambia. Aliyenunua hukaa, ni sharti la nyumba."

"Nilikuwa nakukaribisha, mwanamke wewe!"

"Najua ulinikaribisha. Ndiyo maana sikutaka kuliharibu lile sharti." Bertila alizungusha kikombe. "Ningekuja mikono mitupu siku ya kwanza, ungefurahi. Siku ya pili ungenipa kahawa na kunionea huruma. Huruma sina shida nayo, Bi Tufaha. Ziba ipo ya kutosha, wameniwekea na chumba. Kwako mimi nilikuwa mteja. Nilikuwa nikitoka hapa asubuhi nina mahali ninapokwenda na jambo la kufanya. Umeelewa? Nilifanya kazi miaka yote ile na sijawahi kukaa mahali bila sababu. Na ile elfu kumi nilijaribu. Pensheni haikunifuata."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenifanyia upendeleo. Benki wangekukata kwa ajili yangu. Sikujua walikuwa wanakukata, wallahi." Alilitumia neno lile la Kiislamu alilolizoea barazani bila kujua kwamba amelitumia. "Ningejua, nisingekuja na kadi hata siku moja."

"Na usingekuja kabisa."

"Na nisingekuja kabisa."

Nje, mtu alipita akisukuma baiskeli ya magunia ya mkaa. Bi Tufaha angeweza kusema njoo tu, njoo bure, mimi ndiye nisiye na mtu. Alilifikiria. Lakini alimtazama yule mwanamke aliyekaa mgongo umenyooka kwenye kitanda ambacho kesho kingepakiwa garini, akajua kwamba neno bure lingemkaa kooni kama ile huruma ya Ziba. Mlango huo haukuwa wa kupita. Akarudi nyuma zaidi, kwa mama mkwe wake, kwa wanawake wa vibuyu, kwa kidevu kile kilichowaonyesha baraza.

"Niuzie kibiriti," alisema.

"Chukua vyote."

"Sijasema nipe. Nimesema niuzie. Na sitaki hapa, mimi nanunua dukani kwangu. Niletee kesho asubuhi, kimoja. Nitakulipa taslimu, sarafu ya mia mbili. Nyumba ile aliyeuza naye hukaa. Walikaa wauza asali wa kutoka Sikonge, seuze wewe wa Chemchem. Muulize yeyote mwenye mvi."

"Halafu?"

"Halafu kesho kutwa utakuwa na sarafu. Utanunua kibiriti."

"Kilekile?"

"Kilekile, ukipenda. Siku inayofuata utaniuzia."

Bertila alimtazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Bi Tufaha alidhani analia, kumbe anacheka, kicheko kile kizito kilichokuwa kikiwafanya wapita njia wageuke pale Isevya. "Na benki?"

"Benki watakata nini? Hawakumwona mtu."

"Na Nestory akiisikia sarafu yangu?"

"Mwambie ni ya duka. Si uongo; kesho kutwa itakuwa imerudi."

Kicheko kilikwisha taratibu. Bertila aligeuza uso kuelekea begi. "Anakuja kesho na gari," alisema. "Watoto wake wameshafagia chumba kule Ziba."

Bi Tufaha alisimama, akajishika goti. "Mimi nafungua baada ya alfajiri," alisema, akaondoka akiwa na matobolwa kwenye ncha ya ushungi wake, kwa kuwa mgeni wa Mnyamwezi harudi mikono mitupu.

Ijumaa alichemsha kahawa. Vikombe viwili kwenye sinia. Watu wa mbio walikuja, sabuni, chumvi, vocha, wakaenda. Jua lilitoka ukuta wa msikiti, likavuka njia. Gari dogo la mizigo lilipita likielekea barabara ya Igunga, njia ya Ziba, kitanda kimesimamishwa nyuma, kimefungwa kamba, na vumbi lilikuwa zito kiasi kwamba Bi Tufaha hakuona waliokaa mbele. Alikijua kitanda. Alikuwa ameuona ubao wake wa kichwani jana. Nasri, ng'ambo, naye alikiona, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema kitu.

Bi Tufaha aliinua dele. Kahawa ilikuwa imepoa. Alikwenda nayo hadi mlango wa nyuma, akasimama juu ya mchanga ule mweusi, na hakuimwaga. Alisimama nayo tu.

"Mwenye duka!" sauti nzito iliita mbele. "Nimekuja kuuza!"

Alirudi haraka kuliko magoti yalivyoruhusu. Bertila alikuwa kwenye kaunta, viatu vyeupe, jasho kwenye paji la uso, amekiweka kibiriti juu ya ubao, karibu na kibao cha Murtadha ambacho hakuna aliyekuwa na sababu ya kukiondoa. Bi Tufaha alikichukua, akakigeuza, akakitikisa sikioni kama mnunuzi mgumu. Akafungua mtoto wa meza, akachagua sarafu, akaiweka kwenye kiganja cha Bertila.

"Kitanda kimekwenda," alisema.

"Kimekwenda. Watoto wa Nestory wanalala chini. Nimemwambia akitangulize."

"Nawe?"

"Mimi nina godoro." Alikuwa ameshaketi barazani, sarafu ameikunjia ngumi. "Nimemwambia nina biashara Isevya."

Bi Tufaha alimimina kahawa iliyopoa. Hakuna aliyeilalamikia. Upande wa pili wa njia, cherehani ilianza tena.

"Mpaka lini?" aliuliza baadaye, bila kumtazama.

Bertila alifikiria. "Mpaka njiti ziishe kwenye kibiriti hicho."

Bi Tufaha alikitazama kilipokaa, peke yake kwenye shubaka la juu, ambako alikuwa amekiweka mbali na vingine.

"Basi," alisema, "tusikiwashe."